Kura ya Mama Mkwe

Jumapili, 9 Machi

Naanza shajara hii kwa faida ya historia. Watu wakubwa huandika, na mimi ni meya. Ndiyo, meya wa mji ulio ndani ya simu. Lakini meya ni meya. Nyuma ya kila jina mle ndani kuna mtu wa kweli, na wote hunisalimia nikipita.

Nieleze mara moja, kwa ajili ya wajukuu watakaosoma. Mchezo wetu una misitu, mazimwi, wachawi na miji. Miji haiendeshwi na mashine. Wachezaji wenyewe ndio tunaochagua meya, tunaotunga sheria, tunaojenga kuta na kununiana. Mji wetu ni Ngome. Humo naitwa Radi, na nina joho jekundu. Nje ya humo nauza magodoro kwenye duka la bosi ambaye hajawahi kulitamka jina langu. Huniita "wewe wa magodoro", na pale dukani sote ni wa magodoro.

Uchaguzi ni Jumapili ijayo. Nilijua nitapita bila kupingwa. Leo naamka, nafungua simu kabla ya kufungua macho yote mawili, nakuta jina kwenye ubao wa lango. Mama Nyuki anagombea! Mtu ambaye kazi yake ni kufuga nyuki nyuma ya kisima na kuwapaka majeruhi asali. Hana upanga. Hana hata kofia ya chuma. Simjui ni nani huko nje na sina haja ya kumjua.

Eti wananchi wamechukia kwa sababu ya sanamu. Ni kweli, mawe ya kuzibia ukuta wa mashariki niliyatumia kujenga sanamu yangu. Lakini mji usio na sanamu una tofauti gani na zizi? Na hao mazimwi walioingia kupitia lile pengo walichukua mbuzi tu, hawakumgusa mtu.

Mke wangu alinisikia nikilalamika jikoni. Akasema amechoka kuishi na utosi wa mtu, maana uso wangu hauoni tena. Akatoa sharti. Nikishinda, hatanisema tena maisha. Nikishindwa, naufuta mchezo mbele yake, na yeye ndiye atakayenishikia simu. Nikakubali palepale, nikijitia ushujaa. Tangu hapo najuta.

Maana nisipokuwa Radi nitakuwa wa magodoro kuanzia asubuhi mpaka jioni, siku zote. Hilo siliwezi, nasema kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya kampeni kutwa nzima nikiwa nimejibanza nyuma ya rafu ya mito. Hali si nzuri. Mhunzi wa Ngome kasema kura yake ni ya Mama Nyuki, alimtibu alipoungua. Mlinzi wa lango kasema hivyohivyo. Hata yule niliyempa cheo cha Waziri wa Mbuzi kaniambia kwa unyenyekevu kwamba hana tena mbuzi wa kuwasimamia, kwa hiyo atapiga kura anavyojisikia.

Nimepiga hesabu mara nyingi. Tunakaribia kulingana, mimi na huyo mfuga nyuki. Kura moja inaweza kuamua.

Sasa, sheria yetu inasema kura ni ya mwenye kitanda. Kama mhusika wako halali ndani ya kuta, huna kura. Na mgeni akipata kitanda leo, anasubiri mwezi mzima ndipo apige kura, ili mtu asijaze ndugu zake mjini wiki ya uchaguzi. Sheria ya kipuuzi. Niliitunga mimi mwaka jana, kumkomoa mtu mwingine.

Lakini kuna mwanya. Mwenye cheo serikalini hasubiri. Anapewa kitanda na kura siku hiyohiyo. Na kiti cha naibu meya kiko wazi tangu niingie madarakani, kwa sababu sipendi mtu wa kunipumulia kisogoni. Ninachohitaji ni naibu asiyejua mchezo, asiye na makuu, atakayebonyeza pale nitakapomwonyesha kisha aendelee na shughuli zake.

Nimerudi nyumbani nikiwaza nani. Mama mkwe alikuwa sebuleni. Amekuja kututembelea wiki mbili. Alikuwa ametoa nguo zetu zote kabatini anazikunja upya, kwa kuwa sisi tulizikunja ovyo. Nikasimama mlangoni nikimtazama. Mjane, mstaafu, miwani puani, mpole. Nikajisemea, huyu hapa.

Jumanne, 11 Machi

Kumwomba mama mkwe jambo si kama kumwomba mtu. Nilimpelekea chai kwa mikono miwili. Nikakaa kwenye ncha ya kiti. Nikaulizia magoti yake, nikaulizia usingizi, nikasifu namna alivyokunja mashuka. Mwishowe akaniambia, mwanangu, sema unachotaka kabla chai haijapoa.

Nikasema. Akauliza kama ni kamari. Nikamwambia la, mama. Akauliza kama ni mambo ya uchawi, maana ameona mtu mwenye pembe. Nikamwambia wachawi wapo lakini wanafuata sheria, jambo lenyewe hasa ni uongozi. Hapo akavua miwani.

Nilikuwa nimesahau kwamba mama mkwe alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu. Akataka kujua naibu meya ana kazi gani. Nikasema hana, mama, ni kubonyeza tu. Akasema hajawahi kubonyeza wala kutia saini kitu ambacho hajakisoma, na hataanza uzeeni. Akaomba sheria za mji. Zote.

Nikampa tableti ya mke wangu na kumfungulia. Mhusika wake akamwita Matroni, akamchagulia gauni la kijivu na viatu visivyo na kisigino. Nikamtawaza unaibu kabla hajabadili nia. Mpaka tunakula chakula cha jioni alikuwa bado anasoma. Akaniuliza mbona sheria hazisemi nani anafagia kisimani. Nikacheka kwa adabu. Yeye hakucheka.

Haidhuru. Kura ninayo.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimejipita mwenyewe kwa akili.

Meya ana haki ya kutoa tangazo moja kila wiki. Likishabandikwa kwenye ubao linakuwa sheria, na halibanduki mpaka uchaguzi upite, hata meya mwenyewe akililia. Nikakaa nikatafakari udhaifu wa adui. Mama Nyuki hufa sana. Katika mchezo kufa si jambo kubwa, unaamka kesho yake kitandani kwako bila viatu. Na yeye kila akienda msituni kutafutia nyuki maua hukutana na dubu, na kwa kuwa hana silaha humsalimia.

Basi nikabandika: mgombea yeyote atakayekufa wiki hii amepoteza sifa, na nafasi yake itachukuliwa na naibu wake. Mama Nyuki hana naibu. Hicho kipande cha naibu nilikiongeza tu ili tangazo lionekane limefikiriwa.

Mama Nyuki akalisoma. Akaandika barazani, pale tunapoongea sote kwa maandishi, kwamba anamshukuru meya kwa kujali afya za wagombea, na kwamba wiki hii hatatoka nje ya kuta. Wananchi wakampongeza kwa busara. Hakuna aliyenipongeza mimi niliyetoa wazo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimejaribu kumtoa. Nikamtumia ujumbe kwamba ng'ambo ya mto kumeota ua jeupe la ajabu, nyuki wakilinusa tu wanatengeneza asali maradufu. Uongo mtupu. Akajibu kwamba analijua, analo kwenye chungu dirishani, na kama nalipenda atanikatia tawi. Nimeudhika mno.

Jambo la pili. Naibu wangu anazunguka mjini. Mimi nilimwambia akae kitandani asubiri Jumapili. Yeye kaanza ukaguzi wa vitanda, nyumba kwa nyumba. Mhunzi kaambiwa akung'ute majani ya godoro lake. Waziri wa Mbuzi kaambiwa chumba chake kinanuka na anajua kwa nini. Nilitegemea watamfukuza. Wamepanga foleni! Kuna mtu kaandika kwamba hajawahi kuulizwa amelalaje tangu ahamie Ngome. Halafu Matroni kagawa watu zamu, wa kisimani kisimani, wa ukutani ukutani.

Wa ukutani wakakosa mawe. Wakati wa chakula cha jioni, mke wangu akiwa anapakua, mama mkwe akaniuliza taratibu kama yale mawe yaliyorundikwa katikati ya uwanja yana kazi.

Sanamu yangu. Yaliyorundikwa!

Nitasemaje hapana kwa mama mkwe, mezani, nikiwa na kijiko mkononi? Nikasema hayana kazi, mama. Akanishukuru, akaniongezea mchuzi. Nilipofungua simu baadaye walikuwa wameshaanza juu kushuka chini. Kilichobaki ni miguu miwili na pindo la joho. Nimeumia sana. Ile pua ilichukua siku kuchongwa.

Ijumaa, 14 Machi

Ukuta wa mashariki umezibwa. Sifa zote kwa Matroni. Mazimwi wamerudi shimoni kwao kilimani na wale mbuzi wetu.

Nikapata wazo. Watu wanataka kumwona kiongozi akitembea katikati yao. Kesho Radi atapita barabara kuu akiwa na joho, kifua mbele, akipunga mkono. Asubuhi yote. Mimi nitakuwa kazini, lakini mchezo una alama ya "tembea mfululizo". Ukiigusa, mhusika anakwenda mwenyewe mpaka umsimamishe. Nitamwangalia kwa jicho moja na wateja kwa jicho lingine.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haya kwa faida ya historia, si kwa kupenda.

Nilimwanzisha Radi uwanjani. Nikagusa ile alama. Akaanza kutembea, kapendeza, anapunga. Mara bosi akatokea kutoka stoo. Nikaisukuma simu chini ya godoro nene la dirishani, lile la maonyesho, nikajifanya napangusa vumbi.

Wakati huohuo akaingia mteja, dereva wa lori, mtu wa miraba minne, macho mekundu. Akasema anataka godoro la kupumzisha mgongo. Akalielekea lilelile. Nikamwambia hilo halifai, spring zake zinachoma. Bosi alikuwa nyuma yangu. Akaniuliza tangu lini nimeajiriwa kuponda bidhaa zake, akamkaribisha mteja ajinyooshe. Dereva akajinyoosha. Akasema kweli ni zuri. Akalala fofofo.

Nikataka kumwamsha. Bosi akanizuia. Akasema hajawahi kupata tangazo la biashara zuri kama lile, na kweli wapita njia walikuwa wanasimama dirishani kumtazama mtu anayekoroma. Akaniamuru nisimame pembeni nimpepee. Nikampepea. Nikajaribu kupenyeza mkono chini ya godoro, dereva akageuka, akaukumbatia mkono wangu usingizini. Nikabaki nimeinama, mkono mmoja kifuani kwa mtu nisiyemjua, mwingine unapepea, na Radi anatembea.

Yaliyotokea nimeyasoma baadaye barazani. Radi alimaliza barabara kuu, hakusimama. Akafika langoni. Mlinzi akafungua, maana ni meya. Akavuka daraja. Watu wakaulizana meya anakwenda wapi peke yake, hana ngao. Mtu mmoja akaona ameelekea kilimani. Akaandika kwamba meya anakwenda kuwafuata mbuzi.

Basi mji mzima ukatoka. Ngoma, mienge, bendera. Wakamfuata kwa nyuma wakiimba jina langu. Mhunzi akaandika kwamba amelia. Mlinzi wa lango akaomba radhi kwa yote aliyowahi kunisema. Na Mama Nyuki akaandika mbele ya wote kwamba alinihukumu vibaya, kwamba mtu anayewaendea mazimwi mikono mitupu kwa ajili ya mbuzi wa watu ndiye kiongozi, na kwamba anajitoa kwenye uchaguzi.

Akajitoa! Nilikuwa mgombea pekee. Sijawahi kupendwa vile maishani mwangu, na mimi nilikuwa nampepea dereva.

Kisha Radi akaingia shimoni. Wanasema hakuchomoa hata upanga. Alikuwa bado anapunga mkono.

Dereva alipoamka akanunua godoro bila kubembeleza bei. Bosi akaliinua mwenyewe kwa furaha na kukuta simu yangu chini yake. Kwenye kioo Radi alikuwa kitandani, hana viatu. Bosi akaitazama kwa muda, akaitazama tena, akanirudishia. Akasema tutaongea Jumatatu. Sasa naogopa pande zote mbili.

Jumapili, 16 Machi

Tangazo halibanduki. Nimejaribu, nimelia, nimeandika barazani kwamba lilikuwa mzaha. Wananchi wamenijibu kwa upole kwamba sheria ni sheria na ujasiri wangu utakumbukwa. Mama Nyuki naye ameshajitoa na hawezi kurudi. Kwa hiyo kwenye kura kuna jina moja tu, la naibu wangu.

Nikamwendea mama mkwe. Chai, mikono miwili, ncha ya kiti. Nikamwambia kwa mbali, bila kulitaja jambo lenyewe, kwamba uongozi unachosha sana watu wa rika fulani. Akasema alipokuwa bwenini hajawahi kuondoka muhula haujaisha. Nikasema ndiyo, mama. Akaniuliza kama nimepiga kura. Nikasema bado. Akaja akasimama nyuma ya kiti changu, mikono nyuma, mpaka nilipopiga.

Wamempa zote. Akatoa hotuba fupi, akasema kila mtu akalale mapema. Wakashangilia mpaka baraza likajaa. Nikaona uchungu, sifichi. Lile lilikuwa joho langu.

Mke wangu akanyoosha mkono. Akasema umeshindwa, lete simu. Nikamweleza kwamba kisheria sikushindwa, maana sikuwepo kwenye kura, na mtu hawezi kushindwa mbio ambazo hakukimbia. Akasema lete simu. Akaishika yeye kama tulivyopatana. Kidole changu kikawa juu ya neno "futa". Nikamwomba aniache nimuage mhunzi. Akasema futa.

Hapo mama mkwe akauliza kutoka sebuleni kulikoni. Mke wangu akamweleza. Kisha mama mkwe akasema hakuna mwananchi wa Ngome anayeondoka bila ruhusa ya meya, na meya hajaitoa, kwa sababu Radi yuko zamu ya lango la nyuma kuanzia kesho asubuhi na hakuna mwingine wa kushika nafasi yake. Mke wangu akanirudishia simu, akaenda kukunja nguo.

Nimeokoka. Lakini lango la nyuma, jamani. Ndiko wanakomwaga taka.

Jumatatu, 17 Machi

Bosi aliniita stoo. Nilikwenda nikiwa nimeshapanga moyoni maneno ya kuombea kazi. Akafunga mlango. Akauliza kile kitu kwenye simu yangu ni nini.

Nikasema ukweli wote. Nikaeleza Ngome, mazimwi, vitanda, uchaguzi, mama mkwe. Alisikiliza amekunja uso. Nilipomaliza akauliza mtu anapataje kitanda humo ndani.

Ghafla nikaona njia. Nashangaa sikuiona mapema. Tatizo langu kubwa na Matroni ni moja tu, mimi siwezi kumwambia hapana. Ni mama mkwe. Lakini bosi hana undugu naye. Bosi anaweza kumwambia hapana mtu yeyote, hiyo ndiyo kazi yake kutwa. Sauti anayo, kifua anacho, huruma hana. Namtafutia kitanda leo. Baada ya mwezi ana kura. Uchaguzi ujao namsimamisha agombee, anamng'oa Matroni, na kwa kuwa haujui mchezo itabidi anisikilize mimi kwa kila kitu. Yeye atakaa kwenye kiti, mimi nitatawala nikiwa nyuma yake.

Nikamweleza mpango, ila ile sehemu ya mimi kutawala nikaiacha. Akaupenda mno. Hajawahi kunitazama kwa muda mrefu vile. Akauliza kama akiwa meya ataruhusiwa kuwapangia watu kazi hata siku za mapumziko. Nikamwambia ndiyo, meya hana mipaka. Akauliza na usiku je. Nikasema hata usiku. Akauliza kwa sasa lango la nyuma liko chini ya nani.

Nikamwambia ni mimi.

Akatabasamu, akanipa mkono, akasema nimuunganishe leoleo. Nadhani tumeelewana vizuri sana.